Paja la Kulia

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya Mofu tulikuwa wanne, na majina nayakumbuka yote. Mganga Longino, mkubwa wetu. Nesi Eustelia, mpwa wake. Wifi yangu Veneranda, mke wa kaka Kasiani, aliyenisindikiza maana niliogopa. Na mimi Perpetua, niliyeishia darasa la tatu.

Kazi yangu ilikuwa kubeba kisanduku cha barafu chenye chanjo, na kushika watoto. Mtoto hashikwi ovyo. Unampakata, paja la sindano unalituliza kwa kiganja, macho yake yakutazame wewe. Mganga alizoea kusema, "Perpetua, nesi akikosea, ni wewe umetikisika."

Masika moja Veneranda alimleta Desideri wake kuchomwa sindano ya pepopunda na kifaduro. Akanitania, "Wifi, ukimliza mwanangu, leo wali kwangu huli!" Nikamshika, Eustelia akachoma. Paja la kulia.

Siku chache baadaye mtoto akashikwa na homa, mguu wa kushoto ukalegea, haukurudi tena. Kaka akafungua kesi Ifakara kudai fidia, mtoto apate matibabu na chuma cha kumsimamisha. Walidai sindano ndiyo iliyoharibu mguu ule. Kitabu cha zahanati kilikuwa na jina na tarehe tu, mguu gani hatukuwa tukiandika. Nikaitwa mimi, kwa kuwa nasifiwa kuwa sisahau.

Veneranda alinifuata shambani.

"Wifi, sema kushoto. Neno moja tu."

"Na Eustelia je?"

"Eustelia anatembea, wifi."

Nikaendelea kupalilia mpunga, naye akasimama pale mpaka akachoka.

Hakimu aliponiuliza, nilisema kulia. Kesi ikaanguka. Mganga akanishika mkono, na tangu siku hiyo tukawa tunaandika na mguu. Veneranda hakuniita wifi tena. Kaka alipofariki nilikaa msibani kama mgeni, sahani nikaletewa na watu baki.

Nimestaafu, naishi Viwanja Sitini, hapa Ifakara, napika wali kikombe kimoja. Jioni hukikunja kiganja changu hiki, nikijaribu kukumbuka upya.

Mganga na Eustelia wameshatangulia. Kwenye foleni siku ile ya sindano, nyuma ya Veneranda, walikuwa Mama Gaudensia wa Michenga na Mama Zuhura, mke wa mvuvi. Kama mmoja wenu yu hai, na aliona nimeshika paja la kushoto, tafadhali anisahihishe. Nitakwenda kwa wifi yangu mwenyewe, nimwambie nilikosea.