Matawi ya Barabara ya Manguredjipa

Ukisafiri na mume wangu Sikuli, jiandae kuchelewa. Kila penye shimo, kila penye daraja linaloyumba, anasimamisha Fuso, anashuka na panga, anakata matawi na kuyapanga barabarani ili wanaokuja nyuma wapunguze mwendo. Hapa Butembo madereva wenzake wanamwita Papa Majani. Wanamcheka, naye huwajibu neno lilelile: "Kama siku ile mutu aliwekaka hata tawi moja, ndugu yangu angekuwa muzima." Mimi hugeuka kutazama dirishani.

Amekuwa dereva miaka ishirini na mbili, na anajua mawingu kuliko padri anavyojua misa. Watoto wetu walikua wakisikia jinsi baba yao anavyolala porini chini ya turubai na kupika ndizi kando ya gurudumu. Kila likizo walimlilia awapeleke. Mwaka ule, kabla watu hawajaanza kuikimbia barabara ya Manguredjipa kwa ajili ya vita, alikubali, akaazima pikapu. Tungelala njiani usiku mmoja, mahali madereva wanapopumzikia ng'ambo ya daraja dogo, kisha twende kwa nyanya yao. Binti yetu Kavira, wa miaka kumi na miwili, alitaka kupanda pikipiki ya Phinées, mdogo wake Sikuli. Nilikataa. Akanuna, nikakubali.

Tangu asubuhi mvua ilikuwa haijaamua. Jua, manyunyu, jua tena. Kwenye barieri ya mvua, pale magari yanapozuiwa mpaka njia ikauke, tulisubiri saa tatu nzima. Tulipofunguliwa, mnyororo wa pikipiki ukakatika.

"Mutangulie," Phinées alisema. "Tutabakuta ngambo ya daraja."

Jioni, tukiwa hatujafika darajani, ukungu ulishuka mzito na ngurumo zikaanza upande wa mlima. Sikuli akatoa kichwa dirishani, akanusa hewa.

"Mama Kavira, hii mvua hapana itatuachilia. Tulale hapa."

"Na Phinées?"

"Iko mbali bado. Nikimaliza kufunga bashi, nitasimama ku barabara nimungojee."

Akaingiza pikapu nyuma ya mianzi, malori yasije yakatugonga kwenye ukungu. Alipokuwa akifunga turubai na wadogo wawili wa Kavira, mimi nilichukua panga kwenda kutafuta kitu cha kutandika chini ya godoro, maana ardhi ilikuwa maji matupu.

Sikukata kitu. Hatua chache mbele nilikuta matawi yamepangwa katikati ya barabara. Kwetu hata mtoto anajua maana yake: kuna gari limekufa mbele. Nilitazama mpaka kwenye kona, sikuona gari. Nikakasirika. Madereva wetu wakishatengeneza magari yao huondoka na kutuachia uchafu. Nilimtukana huyo mvivu kwa sauti, nikayabeba yote, mara mbili kwenda na kurudi, nikayatandika chini ya godoro. Yalikuwa mabichi. Utomvu ulikuwa bado unatoka pale yalipokatwa, ukaninata mikononi, na sikufikiri lolote.

Sikuli alijilaza juu ya godoro kulijaribu. "Mama Kavira, hii ni oteli!"

Ndipo tukasikia pikipiki. Ilikuja kwa kasi, maana Phinées alidhani tuko mbele yake. Sikuli aliruka akakimbilia barabarani huku akipiga mluzi, lakini ilikwisha kutupita ndani ya ukungu. Nilimsikia Kavira akicheka. Ikafika kwenye kona, halafu hatukuisikia tena.

Daraja lilikuwa pale pale nyuma ya kona, na mbao zake za katikati zilikuwa zimechukuliwa na maji. Kavira tulimtoa akiwa hai, mguu umevunjika. Phinées alipatikana siku ya pili.

Jioni ileile Mzee Siméon, mtunza barabara wa kijiji, alikuja mbio na wanaume waliobeba mbao mpya. Alipoona, akashika kichwa. "Niliweka majani! Niliweka mbele ya kona!"

Sikuli alimkamata shati. "Yako wapi? Onyesha!"

Barabara ilikuwa tupu. Walipokuwa wakibishana, nilirudi nyuma ya mianzi, nikayavuta matawi kutoka chini ya godoro, nikayatupa bondeni. Nilimwogopa mume wangu. Wacha niseme kweli, saa ile hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko msiba wangu. Siméon akanyang'anywa kazi, na kijiji chake kikamwita muuaji.

Jumamosi iliyopita tulikuwa soko la Musienene, Sikuli anapakia viazi. Mzee aliyekuwa akiuza maharagwe aliniangalia muda mrefu.

"Mama, unanikumbuka? Ni mimi Siméon. Nilikuja kukaa huku kwa mutoto yangu." Akashusha sauti. "Niliweka majani, mama. Mbele ya Mungu niliweka. Hata muke wangu alikufa bila kuniamini."

Nilitaka kuondoka. Nikapiga hatua moja, nikamrudia.

"Ninajua, papa," nikasema.

"Unajua nini?"

Sikuli alikuwa amekwisha kuwasha Fuso na kupiga honi. Upande wa Lubero mbingu ilikuwa nyeusi, naye alitaka tuondoke kabla ya mvua. Nilisogea mlangoni mwa lori.

"Papa Kavira, zima motere. Shuka."

Akashuka na panga lake mkononi, akidhani nimeona shimo.