Kadi za Daktari Malvine

Daktari Malvine Pereles hakuamini neno lisilo na chanzo. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza umesikia kwa nani. Tulikaa mlango kwa mlango hapa Vienna miaka kumi na mmoja, mimi Therese Kubin, Resi kwa marafiki, mwimbaji wa kwaya ya opera, yeye mwanahistoria wa muziki. Nilimpenda, na hadi leo nina hasira naye.

Alitafiti Wayahudi wa opera: watunzi waliobatizwa ili wapate kazi, waimbaji waliobadili majina, na jinsi jukwaa lilivyomdhihaki Myahudi huku nusu ya wapiga fidla ni wajukuu wa marabi. Mwenyewe alikuwa Myahudi, wala hakuficha. "Wanasema muziki huu si wetu," alizoea kuniambia akikoroga kahawa. "Nitawaonyesha, jina kwa jina." Kila jina lilikuwa na kadi: jina la kuzaliwa, jina la jukwaani, tarehe ya ubatizo na, chini kabisa, chanzo. Kila kadi aliiandika mara mbili, moja ya nyumbani, nyingine ya maktaba ya chuo, kwa kuwa karatasi za baba yake ziliwahi kuteketea kwa moto.

Katika kwaya yetu alikuwepo Rudi Wessely, mwenye sauti ya besi na mdomo usiotulia. Alizaliwa kwa jina la Weiss, huko Moravia, akabatizwa akiwa na miaka minne. Jumapili hakosi misa, Ijumaa hagusi nyama. Mwaka 1937 alibisha hodi kwa Malvine, kofia mkononi. Nilikuwepo, namenya matufaha.

"Daktari, nasikia nimo kwenye masanduku yako."

"Umo. Kadi nzuri sana."

"Basi nitoe, dada yangu. Mimi ni wa safu ya nyuma. Historia itapungukiwa na nini?"

"Nikikutoa wewe leo, kesho nitamtoa nani? Huu ni utafiti, Rudi, si orodha ya waalikwa wa harusi."

"Ni orodha, mama. Omba isipate msomaji."

Malvine alicheka. Mimi niliinamia matufaha yangu.

Machi iliyofuata Wajerumani waliingia, na mji ukawashangilia. Siku mbili nzima tulichoma kadi kwenye jiko lake, mikono yetu ikawa myeusi kwa masizi. Kisha akakimbilia maktaba kutoa zile nakala. Bawabu aliyekuwa akimvulia kofia miaka yote alimzuia mlangoni.

"Wewe huingii tena hapa. Na droo zako zimeshachukuliwa." Akaongeza, kana kwamba anampa pole, "Wamezisifu sana, Daktari. Wanasema hawajapata kuona kazi safi namna hiyo."

Malvine aliponea Uingereza, kwa kibali cha kazi ya upishi, yeye asiyejua hata kuchemsha yai. Alifia huko mwaka 1951. Baada ya vita aliniandikia kila mwaka, na kila barua iliuliza habari za Rudi. Nilimjibu habari za hali ya hewa.

Rudi aliitwa ofisini kwa Wajerumani mwezi Juni, mwaka uleule wa 1938. Walimwekea kadi yake mezani, hawakuhitaji hata kumuuliza. Alitoka pale moja kwa moja mpaka kwangu, akakaa kwenye ngazi.

"Ana mwandiko mzuri," alisema. "Mpaka jina la mama yangu limo."

Nikaanza kufoka. "Huyo Malvine na ukaidi wake! Si ulimwomba? Si ulimsihi?"

"Mwache Malvine. Resi, kadi yangu hukuwahi kuisoma mpaka chini?"

Sikuwahi. Lakini niliikumbuka siku ilipoandikwa. Ilikuwa baridi, Malvine ana huzuni, nikataka kumchekesha kwa umbea wa kwaya. Nikamwambia huyo Rudi anayetusuta tukila soseji siku ya Ijumaa, mama yake alikuwa akiwasha mishumaa ya Sabato ya Kiyahudi jioni ya Ijumaa hiyohiyo. Rudi alikuwa ameninong'oneza mimi peke yangu. Malvine alicheka mpaka machozi, akafuta macho, akanyoosha mkono kuchukua kadi mpya.

Mwaka 1942 Rudi alipandishwa treni ya kwenda Minsk, hakurudi. Siku ile kwenye ngazi hakunitukana. Alinitajia tu kilichoandikwa kwenye mstari wa mwisho, mahali pa chanzo: Therese Kubin, kwa mdomo.