Nilivyomtafutia Mama Mkwe Hoteli Bombay

Mimi si msafiri, na wanaonifahamu hapa Shinyanga watacheka wakisikia kwamba naandika habari za safari. Nilipopelekwa sekondari Tabora nililia muhula wote wa kwanza, na wa pili nikalia kwa mazoea. Baadaye nikapata ukarani katika kinu cha pamba kilicho karibu na nyumbani kiasi cha kumsikia mke wangu akiniita nikale, nikaona dunia nimekwisha kuizunguka. Kilichonitoa ni macho ya mama mkwe.

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, hata ikawa anawatambua ng'ombe wake kwa kuwapapasa pembe. Jirani yetu wa dukani, bibi wa Kihindi tuliyemwita Mama Jayanti, aliwahi kupasuliwa macho kwao Bombay akarudi anatunga uzi kwenye sindano. Alipotaka kwenda kusalimia ndugu zake alimwambia mama mkwe, kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko changu, "Twende wote." Ng'ombe wakauzwa. Ikabaki kumpata mwanamume wa kuwasindikiza, ajuaye Kiingereza cha kusemea na madaktari. Shemeji yangu anayechimba dhahabu Geita alituma salamu kwamba hawezi, mwamba wake uko karibu kutoa. Mwamba huo umekuwa karibu tangu nilipomwoa dada yake. Nikabaki mimi.

Msomaji wa kwetu amekwisha kushika kichwa. Kijijini kwetu Samuye mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja hujitupa porini. Katika hilo nilikuwa na sifa njema: miaka yote ya ndoa nilimfahamu mama mkwe zaidi kwa kisogo.

Stesheni ya Shinyanga, mke wangu alinivuta pembeni. "Baba Kabula," alisema, "mama akirudi haoni, ni Mungu. Akirudi ameaibika, ni wewe."

Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam wao walipanda behewa la mbele, mimi la mwisho. Kwa kuwa mama mkwe haoni, kazi ya kukwepana ilikuwa yangu peke yangu. Kila treni iliposimama niliruka nyuma ya maboksi na magunia kumkimbia mama mzee ambaye hata hakujua kama nipo. Abiria wenzangu walidhani nimeiba kuku.

Melini mambo yalikuwa magumu zaidi, maana baharini hakuna pori la kujitupa. Nilijibanza nyuma ya mashua za kuokolea watu, nikitapika. Mama mkwe hakutapika hata mara moja. Aliketi na Mama Jayanti wakisimulia habari za watu wa Samuye, na asubuhi moja akanitumia ujumbe kwa mdomo wa mwenzake kwamba mkwe anyonye ndimu, kelele zake zinasikika.

Tulipofika Bombay, daktari alimpima akasema macho yatafunguka, ila kwanza atiwe dawa ya matone kwa siku kadhaa, na akishapasuliwa aendelee kukaa karibu na hospitali. Ndugu za Mama Jayanti walikaa wote chumba kimoja, hapakuwa na pa kutuweka. Basi tukakodi gari la farasi kutafuta hoteli. Akina mama walikaa nyuma, mimi nikakaa na mwenye farasi, mgongo nimewapa, nikitazama mji ambao watu wake wote, naapa, walikuwa wametoka nje siku hiyo kunizuia nisipite.

Hoteli ya kwanza ilikuwa na taa za umeme na mapangaboi. Nilirudi garini nikijisifu. Mama mkwe akauliza, kupitia kwa Mama Jayanti, mkwe atalala wapi. Nikasema ghorofani, juu yake.

"Mkwe atembee juu ya kichwa changu?" Alikuwa haulizi. "Nirudisheni melini."

Hoteli ya pili nikawa mjanja: yeye juu, mimi chini. Akauliza ngazi ziko ngapi. Moja. Alijifunika kanga tu, na mwenye farasi, asiyejua Kisukuma wala Kiswahili, akaondoa gari mwenyewe.

Hoteli ya tatu nilimweleza meneja kwa Kiingereza changu cha Tabora kwamba nataka vyumba viwili, kisiwepo kimoja juu ya kingine, visitazamane, visiwe na mlango mmoja, wala ngazi, wala bomba la maji, na mama huyu asijue niko wapi. Aliniuliza kwa upole kama polisi nao wasijue.

Jua likawa linakwenda. Mama mkwe akasema jambo ambalo Mama Jayanti alinifikishia polepole: meli iliyotuleta inageuza karibuni, naye atapanda. Afadhali afe kipofu mwenye heshima kuliko kuona na kuona haya. Nami nilimfahamu. Mwanamke huyo akisema neno, hata fahali hakati rufaa.

Mlango wa nne niliuingia bila matumaini. Mwenye nyumba alikuwa mzee mwenye masharubu meupe, akinywa chai. Nilimweleza yote, tayari nimeinama kutoka. Hakucheka.

"Mke wa mwanangu ananipikia tangu aolewe," alisema. "Uso wake sijauona. Nina nyumba mbili kwenye ua mmoja. Ukitaka kuingia uani, kohoa. Kila mtu atajua la kufanya."

Mama mkwe akauliza mapaa mangapi. Mawili. Milango? Miwili. Akashuka garini.

Kuanzia hapo nilikohoa. Nilikohoa uani, kwenye kona za njia, kwenye korido za hospitali. Nilikohoa kwa adabu kubwa kiasi kwamba siku ya mama mkwe kupasuliwa, nikiwa nimejizoeza Kiingereza kizuri cha kumwambia daktari, wauguzi walinikamata wakanipeleka kwa watu wa kifua. Kiingereza changu chote kiliishia kwa mtu aliyekuwa akinigonga mgongo kama anachagua tikiti.

Siku ya kufunguliwa bandeji Mama Jayanti alikuwa arusini kwa ndugu zake. Mimi nilikuwa tena kwa watu wa kifua, maana hawakuniamini, shati liko mkononi. Muuguzi akaja mbio: mama hasikii lugha ya mtu, mkalimani ni mimi. Nilivaa huku nikikimbia. Nilisimama nje ya mlango nikakohoa, lakini daktari hakuijua adabu hiyo. Alinishika mkono akanisimamisha mbele ya kitanda.

"Muulize anaona nini."

Nilitazama dari. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kumwambia mwenyewe tangu nioe. "Mayu, daktari anauliza unaona nini."

"Simwoni mtu," akasema mama mkwe.

Nilitafsiri, na uso wa daktari ukaanguka. Niliwaza wale ng'ombe, ile bahari, nikawaza nitamwambia nini Mama Kabula. Ndipo mama mkwe akaugeuza uso ukutani, akajivutia kanga.

"Mwambie daktari simwoni mtu yeyote," alisema. "Na huyo nisiyemwona, vifungo vya shati lake vimepishana."

Daktari alitaka kujua kwa nini mkalimani anacheka na kulia kwa pamoja. Nilimwambia ni kifua.

Tulirudi kama tulivyokwenda, isipokuwa sasa kazi ya kukwepana tuligawana. Mke wangu alipotupokea stesheni alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Alinifunga kifungo kimoja cha shati tu.

Watu huniuliza nilijifunza nini Bombay. Nawaambia nilijifunza kukohoa, nao hudhani nawatania. Lakini juzi nilikuwa nakwenda Samuye kwa baiskeli, nikaona kwa mbali mtu kama kijiti, sijatambua hata ni mwanamume au mwanamke. Mtu yule akasimama, akatazama, akajitupa kwenye mtama. Nilipopita pale nilikohoa. Ndani ya mtama nikasikia mtu naye akikohoa.