Sahani Ambayo Baba Hakuisikia

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya taa za ndani ya redio bado hunirudisha kwenye sebule ya chini ya nyumba yetu, Kiponda. Redio za siku hizi hazinuki chochote, kwa hivyo harufu hiyo naipata mara chache tu, kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza vyombo ambavyo wenyewe wameshavisahau. Kila nikiipata huwa nina miaka tisa, nimeshika sinia ya kahawa.

Baba alikuwa mpenzi wa muziki kupita kiasi. Nyumbani tulikuwa na santuri ya kutia ufunguo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye santuri ya umeme, kabati zima la mti uliong'arishwa, redio upande mmoja na mahali pa sahani upande wa pili. Akaiagiza ng'ambo. Kabla haijafika alikuwa keshanunua sahani ya kuipigia, wimbo mmoja wa Misri uliojaza pande zote mbili. Aliiweka juu ya kabati la nguo, akakataza isiguswe, maana sindano ya santuri yetu, alisema, ingeilima kama jembe. Sisi tukimcheka, naye akicheka. Kisha akashikwa na homa, akafa, hajaisikia hata mara moja.

Chombo kilifika arubaini imeshapita na mama yumo edani, hatoki wala haonani na wanaume. Mahamali wanne walikiingiza sebuleni, ngazi zikawashinda, kikabaki hapo hapo. Ami Hilali, mdogo wake baba, alisema chombo kama kile si cha nyumba ya mjane, afadhali akipate mtu anayekijua. Alasiri moja akawaita marafiki watatu wa baba, wote wapenzi wa muziki, waje wakisikilize.

Sasa hapa mnaweza kucheka mkitaka. Nyumba yenye eda haipigwi muziki, lakini nani atanunua santuri bila ya kuisikia? Ami akafunga madirisha yote, akaweka ile sahani ya baba, akaiteremsha sauti mpaka ikawa kama nzi ndani ya chupa. Watu wazima watatu, kanzu zao zimepigwa pasi, wakapiga magoti mbele ya kabati na kubandika masikio kwenye kitambaa cha spika yake. Mzee Khamis, fundi cherehani, alivua kofia kabisa.

"Mnasikia?" ami alinong'ona. "Hapo anavuta pumzi kabla ya kuimba."

"Namsikia," Mzee Khamis alinong'ona. "Na mpiga fidla namsikia anavyojiweka sawa kitini."

Bwana Suleiman, aliyekuwa na mashamba Tunguu, alikuwa akilia. Nilimtazama kama mtu anavyotazama mvua ya mtaa wa pili. Mimi nilikuwa sijalia tangu siku ya maziko. Haukuwa ushujaa. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliolaliwa, nikitumwa naenda, nikipewa chakula nakula, na watu wakinisifu kwamba mtoto ana subira.

"Zuwena!" mama aliita kutoka juu.

"Naam!"

Nilipanda, nikamkuta amejilaza kwenye mlango wa chumba chake, nguo zake nyeupe zimeenea sakafuni na sikio lake amelilaza juu ya saruji.

"Kamwambie ami yako aongeze sauti kidogo," alisema. "Asiogope watu. Nnataka kuisikia. Leo tu."

Nikashuka. Ningependa kuwaambia kwamba niliogopa watu wasije wakasema mjane anataka ngoma. Hilo lilinipitia pia, kwa sababu nilishawasikia wanawake wakihesabu hata kikohozi chake. Lakini kweli yenyewe ni kwamba nilisimama na sinia yangu, neno limo mdomoni, na sikuona kwa nini nilitoe. Nikakusanya vikombe. Nikapanda juu.

"Kasema ndo mwisho wake," nilimwambia. "Haipandi zaidi."

"Haya," mama alisema, akainuka, akapangusa vumbi shavuni.

Bwana Suleiman aliinunua ile santuri, na ami akampa na sahani, kwa kuwa nyumbani tusingekuwa na pa kuipigia bila ya kuiharibu.

Eda ilipokwisha, mama alivaa buibui lake tukaenda kumtembelea dada yake. Tulipofika Mkunazini, sauti ikatupokea kutoka dirisha la ghorofa ya pili la nyumba ya Bwana Suleiman, kubwa, imejaa kichochoro kizima, hata wauza ndizi wakipiga kelele kuishinda. Mama akasimama.

"Ndiyo ile?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaegemea ukuta, akasikiliza mpaka upande ule wa sahani ukaisha.

"Kumbe inapanda," alisema. Kisha akanishika mkono tukaendelea na safari.

Hakunigombeza, siku ile wala baadaye. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba hakuwa akitaka muziki. Alitaka kusikia, mara moja, nyumbani kwake, kile ambacho mumewe alikingoja mpaka akafa, na mimi ndiye niliyemnyima. Nilimlilia baba mwaka uliofuata, peke yangu, jikoni. Lakini kuna jambo mama alilibadilisha tangu jioni ile ya Mkunazini, na halikurudi tena. Bado alinituma chumvi, alinituma uzi, alinituma mafuta ya taa. Akiwa na neno la kumwambia mtu, alikwenda mwenyewe.