Kesi Iliyokwisha Kunywewa

Chwa. Kimya kidogo, halafu chwa tena.

Panga likiingia kwenye mgomba halisikiki kama likiingia kwenye mti. Mgomba umejaa maji, kwa hiyo sauti yake ni laini, kama kofi kwenye mgongo wa mtu aliyetoka kuoga. Asubuhi ile nilikuwa bado kitandani naota macho wazi, kama kawaida yangu: duka langu la ushonaji pale Nyaishozi, mlango wa kioo, na mimi nawaambia wateja karibuni, kaeni, soda inakuja. Nilidhani Mama anakata mkungu wa kupika. Ilipofika chwa ya sita, nikasikia na mgomba mzima ukienda chini na majani yake, nikajua hakuna mama anayepika ndizi zote hizo.

Alikuwa mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka kumi na mitano. Nilimkuta kibanjani, kwenye shamba la migomba linaloizunguka nyumba yetu hapa Ihembe. Alikuwa kifua wazi, utomvu umemganda mpaka viwikoni. Alikuwa ameanzia kwenye kaburi la Baba. Kwetu tunazikana kibanjani, na migomba iliyo karibu na kaburi haiguswi ovyo. Alikuwa ameilaza yote, na mikungu yake ilikuwa bado michanga, ndizi kama vidole vya mtoto. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye majani.

"Basi, mwanangu. Basi, waitu," alikuwa akimbembeleza kwa kilugha chetu.

"Nimalizie na wewe?" akamwuliza. Wala hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama chai ipo.

Nilimkamata kiuno kwa nyuma. Akageuka, na panga likanipitia juu ya kiwiko. Damu ilipomrukia usoni alilitupa, akakaa chini, akaanza kutafuna jani la mgomba. Mimi nilishonwa nyuzi saba kwenye zahanati. Wateja wakiliona kovu nawaambia niligombana na cherehani, wanacheka, tunaendelea na vipimo.

Sijui alipoharibikia. Nakumbuka mtoto aliyekuwa akibeba vifaranga ndani ya kofia ili visinyeshewe. Baba alipofariki alinyamaza miezi mingi, na alipokuja kufungua mdomo alifungua na ngumi. Shuleni alimvunja mwalimu jino, wakamfukuza. Mama akampeleka kwa mjomba kule Kimuli, akidhani mabadiliko ya hewa yatamsaidia. Wiki ya tatu mjomba alimrudisha kwenye pikipiki, amemfunga kwenye keria kama gunia la kahawa.

"Dada yangu," mjomba akamwambia Mama, hata kukaa hakukaa, "huyu usinipe tena. Mimi nina watoto wadogo ndani."

Baada ya ile migomba, walikuja baba zangu wadogo watatu. Walimfunga mikono kwenye nguzo ya banda la kahawa, wakampiga kwa zamu. Mmoja akichoka anampa mwenzake fimbo, anakwenda kunywa maji. Shati lilichanika, ngozi nayo ikafuata. Mwanzoni alikuwa anawatukana, halafu akawa anacheka, na kile kicheko ndicho kilichowatia wazimu. Mama aliziba masikio. Mimi nilisimama nikiwa na bandeji yangu, na nakiri kwamba fimbo za kwanza mbili tatu nilisema moyoni, mpeni. Baadaye nilikwenda kutapika nyuma ya jiko.

Walipomaliza wakamfungua, wakampa kibuyu. Kwenye ukoo wetu, kesi ikishaamuliwa, mkosaji hupiga magoti na kuwamiminia wakubwa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Kibuyu kikiisha, kesi nayo imeisha. Haiendi kwa mwenyekiti wala kwa mchungaji, wala haiendi polisi. Wanasema imenywewa. Alimimina, damu ikimchuruzika kwenye kaptula. Na mimi niliyekatwa nilipewa funda langu, nikanywa.

"Neno lililonywewa halitapikwi," alisema baba mdogo wa mwisho, yule mkali kuliko wote. Kisha akamshika mdogo wangu kidevu. "Na wewe, siku ukirudia, sitakuja na fimbo. Umenielewa? Nitakuja na shoka, halafu nitakwenda kujisalimisha mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunamjua.

Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, na nadhani ni kosa la watu wa kwetu tu: tuliamini kwamba pombe ikishashuka tumboni, ugonjwa nao umeshuka. Hatukuita mtu. Wiki mbili baadaye, Mama alimwambia mdogo wangu akachote maji, naye akachukua mchi wa kinu akampiga nao mkono. Nilisikia mfupa ukikatika. Mama hata hakulia. Alinitazama mimi kwa haraka, akasema, "Nimeanguka. Umesikia? Nimeteleza kwenye maganda." Alikuwa haogopi mkono. Alikuwa anaogopa shoka.

Kesho yake nilimwambia Mama naenda Nyaishozi kununua nyuzi. Nikapanda bodaboda mpaka Kayanga, kwenye ofisi ya ustawi wa jamii. Nimeishia kidato cha pili, na ofisi zenye mafaili huwa zinanitoa jasho. Nilimkuta dada mmoja mnene, mchangamfu, si mwenyeji wa huku, anakula kiazi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Mbona unasimama kama umekuja kukamatwa?"

Nikamweleza. Alipofika mahali pa kuuliza kwa nini hatukutoa taarifa, nikamwambia kesi imenywewa.

"Nani kainywa?"

"Ukoo. Na mimi pia."

"Haya. Mimi sijanywa," akasema, akaweka kiazi pembeni na kuvuta karatasi. "Endelea, mdogo wangu. Polepole."

Aliniambia kuna makao ya serikali ya watoto, mkoa wa mbali, ambako mdogo wangu atapata daktari wa akili, mtu wa kuzungumza naye kila wiki, na darasa. Si jela, alirudia mara tatu, maana aliona uso wangu. Lakini lazima hakimu wa watoto atoe amri. Na hakimu atataka kusikia kutoka kwa mzazi aliyeumizwa. "Kovu lako mmeshalimaliza kienyeji, watakwambia mlisameheana. Ule mkono wa mama ndio mpya. Mama akisema ameanguka, sina pa kusimama."

Siku ya tatu yule afisa wa ustawi alikuja na gari, pamoja na askari wa kike wa dawati la watoto aliyevaa kitenge. Mdogo wangu alikuwa amekaa mlangoni anachonga kijiti. Mama akawaletea viti, mkono umefungwa kanga.

"Mama, huo mkono?"

"Nilianguka."

"Wapi?"

"Hapo. Maganda."

"Hakuna aliyekupiga?"

"Nani anipige, mwanangu? Mimi mjane, naishi na watoto wangu. Kunyweni chai."

Nilitaka ardhi ipasuke. Mdogo wangu alinitazama, akatabasamu. Alikuwa amejua mara moja kwamba ni mimi niliyewaita. "Dada umenunua nyuzi nzuri sana," akasema.

Gari la serikali likiingia kijijini, habari hutembea haraka kuliko gari lenyewe. Kabla chai haijapoa, baba wadogo wote watatu walikuwa uani, na yule wa mwisho ana shoka begani.

"Nani ametapika?" akauliza. Kisha akauona mkono wa Mama uliofungwa kanga, akaelewa. "Ooh. Kumbe amerudia."

Kilichofuata sikukiona chote. Askari alisimama katikati, akasukumwa. Mdogo wangu aliokota jiwe la jikoni, moja ya mafiga, akalirusha kwa mikono miwili, likampata baba mdogo juu ya jicho. Paji likafunguka kama pochi. Shoka likaanguka, lakini wale ndugu zake wawili wakamrukia mdogo wangu wakamlaza chini, mmoja anamkaba koo, mwingine anampiga mateke ya mbavu. Nilisikia pumzi ikimtoka kama mpira unaotobolewa. Nilimng'ata mmoja sikio. Ndiyo, mimi, ninayelia nikichinja kuku! Na yule mwenye damu, hata haoni vizuri, alikuwa anapapasa chini akitafuta mpini wa shoka lake.

Ndipo Mama alipoufungua mdomo. Aliifungua kanga, akautoa ule mkono uliovimba kama kifundo cha muhogo, akamwinulia afisa usoni.

"Amenivunja yeye! Kwa mchi! Na huyu dada yake alimkata yeye, na migomba ya baba yake aliikata yeye! Andika! Andika upesi, mchukue, wataniulia mtoto!"

Afisa hakuandika. Alimvuta mdogo wangu mguu mmoja, mimi mguu mwingine, askari akawatenga wale kwa mgongo wake, tukamburuta mpaka ndani ya gari. Mdogo wangu alikuwa amelegea, mdomo umejaa udongo. Mama alimfikia dirishani, akamfuta kwa upindo wa kanga. Alitema udongo, akasema neno moja, "Ma," kama alivyokuwa akimwita alipokuwa mdogo. Gari likaondoka.

Hakimu alitoa ile amri, na Mama alirudia maneno yake yote mbele yake bila kupunguza hata moja. Sasa mdogo wangu yuko huko mbali. Anakunywa dawa, na kuna siku anakataa kuinywa. Mwezi wa pili alimpiga mwenzake, wakanipigia simu, nikalia siku nzima huku nashona sare za kwaya. Mwezi wa nne aliuliza kama mkono wa Mama umeunga. Mimi ni mtu wa kuota, kwa hiyo nimeshamwona anarudi na cheti na viatu vyeusi.

Lakini siku ile, gari lilipokwisha kuondoka, baba mdogo alikuwa bado amekaa uani, kitambaa kwenye paji. Hakumtazama Mama wala mimi. Alilionyesha lile jiwe lililokuwa limelala pale na damu yake na nywele mbili tatu.

"Hilo asiliguse mtu," akasema. "Nitakuja kulichukua. Siku atakaporudi, nitampokea nalo."

Wakaondoka wakimshikilia. Mama akaingia ndani kulala, na nikasubiri mpaka nisisikie tena kulia kwake. Uani hapakuwa na mtu. Nikalikumbatia lile jiwe, zito kama mtoto wa miaka miwili, damu ikanichafua gauni. Nikalipeleka chooni, nikaondoa kifuniko, nikalitumbukiza shimoni.