Tulipokwenda Kula kwa Bi Salma

Papa alitaka kuiona nyumba ya baba yake kabla macho yake hayajazima kabisa. Hiyo ndiyo sababu aliyotupa sisi watoto wake, nami ndiyo niliyowaambia majirani wa mtaa wetu wa Kabondo walipouliza kwa nini mimi, Zaina, namwacha mume na watoto ili nimpeleke mzee mpaka Unguja. Babu yangu Hamadi alizaliwa kwenye kisiwa hicho. Alikuja Kongo akiwa kijana, pamoja na wafanyabiashara wa pembe za ndovu, akaoa kwetu Kisangani, akamzaa papa, akafa bila kurudi kwao. Papa alikua akisikia habari za nyumba ya mawe yenye mlango unaotazama bahari. Miaka hiyo ya hamsini fundi seremala mmoja wa kwetu alifika huko, akarudi na habari kwamba nyumba ingali imesimama. Siku hizi ni nyumba ya wageni, alisema, watu wanalala na kula, na wazee wa mji bado wanaiita kwa Hamadi.

"Bon," papa akasema. "Tutaenda."

Kisangani tuliondoka asubuhi. Tulivuka mto kwa mtumbwi wa Wagenia, wavuvi wa mto wetu, tukapanda treni ya Ponthierville upande wa pili, kwa sababu meli haziwezi kupita kwenye maporomoko. Mume wangu alisimama kituoni akiwa amembeba mdogo wetu. Alimwangalia papa kwa muda, kisha akaniambia chini chini, "Zaina, mutu mwenye macho ya ukungu anaenda kuona nini mbali hivi?" Nilimjibu kwamba ni baba yangu, basi. Lakini swali lile nilisafiri nalo.

Kutoka Ponthierville tulipanda meli mpaka Kindu, tukilala kati ya magunia ya mchele na mbuzi wa watu. Kindu tukachukua treni nyingine hadi Albertville, kisha tukavuka ziwa mpaka Kigoma. Huko wakubwa ni Waingereza, na karatasi zetu za ruhusa zilitazamwa mbele na nyuma kama noti bandia. Papa hakulalamika hata mara moja. Mtu ambaye nyumbani alikuwa hawezi kwenda sokoni bila kuumwa mgongo, safarini alikuwa wa kwanza kusimama na kubeba mzigo.

Kwenye treni ya kwenda Dar es Salaam, baada ya Tabora, mwalimu mmoja wa madrasa alikaa mbele yetu. Papa alimgawia karanga, wakaongea habari za mvua na bei ya kitambaa. Kisha papa akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Mwalimu, mwanaume akikuta dada yake anakaa ndani ya nyumba ya baba yao, sheria inasemaje?"

"Mirathi haijagawanywa?"

"Haijagawanywa."

"Mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja."

"Hata kama miaka imepita mingi?"

"Hata hivyo," mwalimu akasema.

Mwalimu aliposhuka nilimgeukia papa. "Dada gani, papa?"

"Nilikuwa nauliza tu."

"Seremala alikuambia nini kingine?"

Alifunga macho akajifanya kusinzia. Kuanzia hapo nikaanza kumwangalia baba yangu kama ninavyomwangalia mchuuzi anayeficha mkono chini ya meza.

Unguja. Meli kutoka Dar es Salaam ilitushusha wakati jua limepanda. Mimi nilizaliwa kwenye mto mkubwa, nikadhani maji hayawezi kunishangaza. Lakini mto wetu unajua unakokwenda. Bahari ile ilikuwa imerudi nyuma na kuacha matope na mitumbwi imelala ubavu, na mchukuzi wa mizigo alisema nikingoja kidogo itarudi tena. Nilichovya kidole nikaionja. Chumvi tupu. Sikuelewa watu wanaishije kando ya maji yasiyonyweka.

Papa alipotaja kwa Hamadi, mchukuzi hakuuliza mara mbili. Nyumba ilikuwa na ghorofa mbili, kuta nene, chokaa imebanduka upande wa bahari. Mlangoni alikaa mama mmoja mzee, mwembamba, anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa Bi Salma, mwenye nyumba.

"Karibuni. Chumba kimoja au viwili?"

"Viwili," papa akasema. "Mi naitwa Ramazani. Natoka Kongo, Kisangani. Baba yangu alikuwa Hamadi, alitokea humu ndani ya nyumba."

Mikono ya Bi Salma ilisimama juu ya mchele. Alimwita mwanawe, "Nassor, waoneshe wageni vyumba," akaendelea kuchambua.

Adhuhuri tulikula kwenye ukumbi wa chini, karibu na madirisha ya bahari. Kulikuwa na wafanyabiashara wawili kutoka Pemba na karani mmoja wa bandarini. Tuliletewa wali wa nazi na samaki aliyechomwa, amepakwa mchuzi mzito wenye ndimu. Kwetu nazi hatupikii. Tuna mafuta ya mawese na lituma, ndizi za kuponda. Nilikula nikasahau uchovu wote. Papa alikuwa ameinua tonge tu, Bi Salma akaja kusimama mbele yake.

"Huyo baba yako alikuwa na alama gani?"

"Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa hakikunjiki. Aliungua utotoni."

Bi Salma aligeuka akarudi jikoni. Papa akalirudisha tonge sahanini.

"Papa, mbona haukule?"

"Ulimuona uso? Minaona huyu mama iko na kitu ndani ya roho yake. Mi sikule chakula chake."

Tangu hapo alikula ndizi na mayai ya kuchemsha, ambayo aliyanunua mwenyewe sokoni na kuyamenya mwenyewe. Mimi nilikula kila kitu, ila kila baada ya chakula nilijisikiliza tumbo. Nassor naye hakutuacha. Tukienda msikitini alikuwa barazani kando; tukirudi alikuwa ngazini. Alikuwa mtu mzima wa miaka kama arobaini, mnene, mpole wa sauti. Siku moja alinikuta nikianika nguo juu ya paa.

"Nani aliyekutumeni?"

"Hakuna mutu. Tumekuja tu."

"Kutoka Kongo yote, mmekuja tu?"

Niligeukia nguo zangu, kwa sababu asubuhi ileile nilikuwa nimemwona papa akipitisha kiganja kwenye ukuta wa nje, taratibu, kona hadi kona, kisha akisimama na jirani muuza buni na kumuuliza kiwanja kinaishia wapi. Nilimwogopa Bi Salma, nilimwogopa Nassor, lakini aliyenitia hofu zaidi ni papa.

Mchana uliofuata, wageni wengine walipokwisha kula, Bi Salma mwenyewe aliiweka sahani mbele ya papa. Papa akaisukuma kando kwa adabu, akasema ameshiba.

"Umeshiba ndizi," Bi Salma akasema. Alivuta kiti, akaivuta sahani, akaanza kula kutoka upande wa papa. Alikula bila haraka, mpaka mifupa ya samaki ikaonekana. "Mimi nimelisha watu humu tangu sijavunja ungo. Hakuna aliyetoka hapa akishika tumbo. Sasa niambie. Umekuja kuchukua nyumba?"

Nassor alikuwa ameegemea mlango. Papa alinitazama mimi, si Bi Salma. Nadhani alitaka nitoke. Sikutoka.

"Nilitoka nyumbani na wazo hilo," papa akasema.

Bi Salma alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia. Kisha akatueleza. Baba yake, Hamadi huyohuyo, aliondoka yeye akiwa tumboni. Alichoacha ni kuta za chini, bila paa, na watu waliokuja kudai madeni yake. Mama yake alianza kwa kupika maandazi na kahawa kwa mabaharia kwenye kuta hizo, akiwa na mtoto mgongoni. Paa ni la mama. Ghorofa ya kwanza ni ya mama. Ya pili ni yake yeye na marehemu mumewe.

"Kidole hicho mama alinisimulia," akasema. "Kwa hiyo najua u ndugu yangu. Ndiyo maana nimeshindwa kulala. Ungekuwa mwongo ningekufukuza siku ileile."

Papa alitoka nje, akakaa barazani akiielekea bahari ambayo sijui aliiona kiasi gani. Kabla ya alasiri alirudi akamwambia Nassor, "Alors, twende kwa kadhi." Tulikwenda wote wanne. Nassor alitembea kati ya papa na mama yake njia nzima, kwa kuwa bado hakuamini. Mbele ya kadhi papa alitamka kwamba hana dai lolote juu ya nyumba ile, yeye wala watoto wake. Moyo wangu uliruka kidogo aliposema watoto. Siwezi kuficha.

Tuliporudi, Bi Salma hakumkumbatia mtu. Alitupitisha ukumbi wa wageni hadi jikoni, akatandika mkeka. "Kaa kitako ule, Ramazani." Papa alikula wali, samaki, akaomba tena. Yule dada alimwangalia akila kama anayehakikisha.

Safari ya kurudi ilikuwa ileile kinyumenyume, na mgongo wa papa ukaanza kuuma tena. Kabondo watu walitungoja. Papa alipowaambia kwamba kule kuna dada yake, naye papa amemwachia dada huyo nyumba, walicheka, na jirani mmoja akashika kona ya mzigo wangu kuupima uzito. Mpaka leo wapo wanaosema tulirudi na kitu tukakizika.

Nimejifunza kwamba niliwashuku watu wa mbali kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukiri kwamba namshuku wangu. Mwaka ule ule, papa alipokuwa haoni tena, nilimuuliza jambo nililokuwa nimelibeba tangu Unguja.

"Papa, kama Bi Salma asingekuuliza, ungeidai nyumba?"

Alipapasa mkeka, akakaa sawasawa.

"Lakini aliuliza," akasema.