Mdundiko Haukai Jukwaani

Sherehe ya kuwaenzi wenyeji wa Dar es Salaam ilikuwa wazo la jirani yangu wa dukani, Mchaga muuza masufuria kwa jumla hapa Kariakoo. Nitamshukuru mpaka nife, ingawa siku yenyewe nusura nimpige kwa sufuria lake. Sisi Wazaramo tumezoea kukumbukwa kwenye vichekesho tu: wavivu, wapenda ngoma, wauza viwanja. Sasa mtu wa Kilimanjaro ndiye kaishawishi kamati ya mtaa itutengee Jumapili nzima!

Nikamleta shangazi yangu kutoka Mbagala pamoja na wapigaji wake wa mdundiko, ngoma yetu ya kumtoa mwali. Alikuja na jambo moja moyoni. Alitaka ngoma impitishe mbele ya kiwanja ilipokuwa nyumba ya mama yake, upande wa Gerezani, alikochezwa na kutolewa mwali. Siku hizi pana ghorofa la maduka. "Mwakani sitaweza tena kutembea," aliniambia.

Wapigaji waliwasha maboksi matupu kando ya barabara, wakazipasha ngoma ngozi zikaze. Jirani akaja mbio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mangi," shangazi alimjibu, kama mjini wanavyowaita Wachaga.

"Jukwaa lenu lile pale, hadi zulia nimeweka. Mnapiga dakika kumi, halafu mgeni rasmi anaongea."

Shangazi alilitazama jukwaa kama kitanda cha wagonjwa. "Mangi, mdundiko haukai. Mdundiko unatembea na watu wanaufuata. Ukikaa, hiyo ni ngoma nyingine."

"Bibi, njia imejaa mikokoteni. Watu wataibiwa, wengine watapotea."

"Ndiyo mdundiko huo!"

Jirani hakucheka. Akasema ni jukwaani au basi. Hapo nikakosea mimi, Mzaramo wa damu: nikamsihi shangazi akubali, kidogo si haba. Akanisonya, akawaambia wapigaji wabebe ngoma, wanarudi Mbagala. Niliona aibu hata sikuweza kumtazama usoni.

Mpigaji mmoja, kwa hasira, akaipiga ngoma aliyoibeba. Mwenzake akamjibu. Kiuno cha shangazi kikaitika kabla mwenyewe hajaamua, na miguu ikashika njia ya Gerezani. Wauza mitumba wakamfuata, na wanunuzi wao nyuma. Mchukuzi mmoja Mnyamwezi akauvuta mkokoteni wake kando, akapaza sauti, "Wazaramo! Hata Jumapili hampumziki?"

"Nyamaza, mtani, beba mzigo!" shangazi akamjibu, hatua haijampotea.

Nikageuka, nikamwona jirani anatukimbilia, shati limelowa jasho, mgeni rasmi kaachwa na zulia lake. Nikajua anakuja kutuzuia. Nikajiandaa kugombana, na safari hii sikuwa na nia ya kumsihi mtu. Akanipita. Akampita hata shangazi, akasimama katikati ya njia panda na kuinua mikono yote miwili mbele ya bajaji.

"Pisheni jamani!" alipiga kelele. "Wenye mji wanapita!"

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mbele ya lile ghorofa shangazi akasimama, ngoma zikimzunguka, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Hapa ndipo mama alinitoa mwali!" aliwaambia watu ambao hakumjua hata mmoja. Na Kariakoo nzima, Wachaga, Wahindi na wachukuzi, wakamtunza noti kichwani kama ndugu wa mwali.